Chagua saa kwanza, tiketi baadaye

Mwezi Desemba alikuja ofisini kwangu ninakowapangia watu safari, jirani na stendi ya Misuna hapa Singida Mjini, mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Alikuwa na mjukuu wa miaka tisa, na simu mkononi yenye tiketi mbili za SGR kutoka Dodoma hadi Morogoro. "Mwanangu," akaniambia, "huyu anataka kuona treni ikiingia ndani ya mlima. Nishanunua kila kitu, niangalizie tu kama nimekosea mahali."

Nikaangalia. Jina sahihi, tarehe sahihi. Treni ilikuwa ya jioni. Nikamwambia, "Mama, milimani mtapita giza limeshaingia. Mtoto ataona uso wake kwenye kioo, basi."

Kosa hilo nakutana nalo kila likizo ya shule, na silishangai. Tumezoea kupanga safari kwa kuangalia nauli na saa ya kufika. Ukienda msibani au kwenye mashauri, huo ndio utaratibu. Lakini anayesafiri ili aone, anunue kwanza mwanga. Kilosa mwezi Desemba jua huzama karibu saa moja kasorobo jioni, na mwezi Juni huwahi zaidi, kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Tena bondeni mlima hulificha jua kabla ya wakati wake. Kwa hiyo chukua ratiba, tafuta treni inayopita kati ya Gulwe na Kilosa mchana, kisha urudi nyuma kujipangia: utalala wapi, basi la Singida utalipanda saa ngapi. Kutoka hapa mpaka Dodoma ni kama kilomita 240, na barabara haiahidi saa kamili kwa mtu yeyote. Mimi humshauri mteja alale Dodoma, asubuhi aende stesheni akiwa ameshiba na hana wasiwasi.

Kwa nini Gulwe hadi Kilosa? Kwa sababu hapo ndipo uwanda wetu unapokatika. Sisi wa Singida tunaishi juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Dodoma iko kama mita 1,100. Kilosa haifiki 500. Gari hushuka tofauti hiyo kwa kona chache kali, lakini treni haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi juu ya lami. Mteremko ambao dereva wa lori hauhisi hata kidogo, kwa treni nzito ni shughuli. Ndiyo maana wajenzi wa reli duniani kote hutafuta mto. Maji yalishatangulia kuchimba njia ya kushukia, na kazi ya mhandisi ni kuyafuata. Hapa mto huo ni Mkondoa, unaopenya kati ya milima ya Ukaguru upande wa kaskazini na Rubeho upande wa kusini.

Njia hii ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, huko Tabora, ilipita bondeni humu, na Stanley alipita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Walifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli yao yenye upana wa mita moja waliilaza kandokando ya mto, na mto haujawahi kuwasamehe. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Wenye umri wa kutosha hapa Kanda ya Kati wanakumbuka jinsi treni za bara zilivyokwama.

Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, imejibu kwa njia nyingine. Ina upana wa milimita 1,435, inatumia umeme, na mahali ambapo ile ya zamani ilijikunja kufuata ukingo wa maji, hii imetoboa mwamba. Kati ya Kidete na Kilosa kuna mahandaki manne, lililo refu kupita yote likiwa na takriban kilomita moja. Ukiyaunganisha yote hayafiki kilomita tatu. Piga hesabu: treni ikienda kilomita 100 kwa saa, giza lote la mahandaki manne ni kama dakika mbili. Mtoto akienda msalani wakati mbaya, safari aliyoililia mwaka mzima imempita. Namweleza kila mzazi: treni ikishaondoka Gulwe, simu mfukoni, kila mtu dirishani.

Hili la mahandaki linanigusa, nami nalisema wazi. Handaki humpa msafiri muda na kumnyang'anya mlima. Waaustria wanalijua vizuri. Reli yao ya Semmering, iliyosanifiwa na Carl von Ghega na kufunguliwa mwaka 1854 katika njia ya Vienna kwenda Graz, inazunguka milima kwa kilomita 41, juu ya madaraja marefu ya mawe na ndani ya mahandaki mafupi. UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1998, na watu hupanda treni pale kwa ajili ya kona zake tu. Sasa chini yake linajengwa handaki la kilomita 27 ili treni za haraka zipite bila kuona kitu. Sisi bado tuna bahati. Mahandaki yetu ni mafupi, na baina ya moja na jingine bonde linafunguka: mto mwekundu chini, na msitu ukipanda mpaka kwenye mawingu.

Sasa upande wa kukaa. Namba ya kiti inaandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo uamuzi unafanyika siku ya kununua. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro unaelekea mashariki, ukiinama kidogo kusini. Ukaguru iko kushoto kwako, Rubeho kulia. Desemba jua liko upande wa kusini na linaangaza uso uleule wa Ukaguru unaoutazama. Kaa kushoto bila kusita. Juni jua liko kaskazini, kwenye dirisha la kushoto linakupiga usoni na mlima unabaki kama kivuli. Afadhali kulia, uitazame Rubeho. Kulia kuna faida nyingine mwishoni, maana ukishavuka Mkata milima ya Uluguru inajitokeza upande huo na kukusindikiza mpaka Morogoro.

Kuhusu msimu, mimi napenda mwisho wa Mei na Juni, pamoja na tatizo hilo la jua. Masika yamesafisha hewa na kila kitu ni kibichi. Kuanzia Agosti vumbi na moshi wa kuchoma mashamba huweka ukungu wa kahawia, na milima inafifia. Wakati wowote utakaokwenda, mwoneshe mtoto jambo moja: unatoka nchi yenye msimu mmoja wa mvua na kuingia yenye vuli na masika. Huhitaji kitabu cha jiografia. Huku Dodoma ni mibuyu na mashamba ya zabibu, nchi kame. Baada ya mahandaki ni migomba, minazi michache, kisha mkonge wa Kimamba umepangwa mistari hadi macho yanachoka.

Wengi huniuliza kama TAZARA si nzuri zaidi. Kati ya Mlimba na Makambako, ndiyo, ni nzuri mno. Reli ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja mengi kuliko kipande kingine chochote nchini. Ila kwa mtu wa Singida mwenye siku mbili au tatu, na ratiba inayohitaji kuthibitishwa kabla hujafunga begi, naiacha iwe safari ya siku nyingine.

Kurudi ndiko watu hawakufikirii kabisa. Hukata tiketi ya kwenda na kurudi kwa treni, wakaona bonde lilelile mara mbili. Mimi humwambia mteja: nenda kwa treni, rudi kwa basi. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma haipiti Kilosa. Inapita Dumila na Gairo, kaskazini ya Ukaguru, wakati reli inapita kusini yake. Kwa hiyo ukienda huku na kurudi kule umeuzunguka mlima mzima.

Yule mama alibadilisha tiketi, akachukua treni ya asubuhi, viti vya kushoto. Baada ya siku nne alipita ofisini kunisalimia. Kwenye treni mjukuu hakusema neno tangu Gulwe mpaka Kilosa. Siku ya pili wakiwa kwenye basi, wameshaipita Dumila, akamvuta bibi yake kanga na kuonesha dirishani, tena upande wa kushoto: "Bibi, si ndio ule wa jana? Mbona leo tuko mgongoni?"