Uko Kwa Depo? Soma Hii Kabla Tarehe Ikupite

Keti salon yoyote hapa Satellite ama ushuke Kawangware, na ndani ya nusu saa utakuwa umeskia yote kuhusu depo. Ati inaharibu kizazi. Ati damu inakusanyika tumboni. Ati kuna mtu alidungwa na bado akashika ball. Hiyo ya mwisho hutokea kweli, na hapo ndio tutakaa sana leo, ju mara mob shida si dawa. Ni tarehe.

Sindano moja ya depo huwa na miligramu 150 za homoni. Inakaa kwa msuli ikitoka pole pole na kuzuia yai lisitoke. Ripoti ya KDHS 2022 ilionyesha karibu mwanamke 1 kati ya 5 walioolewa Kenya anatumia sindano, so hauko pekee yako. Ukirudi kwa wakati kila mara, hata mmoja kati ya 100 hashiki mimba kwa mwaka. Lakini kwa maisha yetu ya kawaida, ya kusahau na kukosa fare, ni kama 4. Hiyo tofauti yote ni kuchelewa.

Hesabu na mimi. Depo inarudiwa baada ya wiki 13 (kadi ikisema 12, fuata kadi). Raha ya wiki ni kwamba siku haibadiliki: ukidungwa Jumatatu, unarudi Jumatatu. Tuseme ulidungwa Jumatatu 5 Januari 2026. Wiki 13 zinakupeleka Jumatatu 6 Aprili. Sasa cheki kalenda: hiyo ni Jumatatu ya Pasaka. Kliniki imefungwa, na pengine uko ushago Kakamega ukila kuku.

Usipanik. Mwongozo wa WHO unakubali udungwe hadi wiki 2 mapema, yaani kuanzia 23 Machi, ama hadi wiki 4 ukiwa late, yaani mpaka 4 Mei. Ukipitisha hapo bado unaeza dungwa, bora nurse ahakikishe hauna mimba, kisha mtumie CD siku 7. Na kama mlishalala bila kinga baada ya hizo wiki 4, P2 husaidia ndani ya siku 5, na mapema ndio poa. Lakini hizo wiki 4 si ofa ya kuzembea. Tangu Marekani ikate misaada 2025, dawa za kupanga zimekuwa zikiisha kwa hosi za serikali sehemu nyingi. Ukienda Riruta Health Centre wiki moja kabla na ukose, bado uko na siku za kujaribu Mbagathi. Ukienda siku ya mwisho, ni mbio. Hata dispensary ya ushago itakudunga, so beba kadi.

Sindano ya kwanza iko na sheria yake. Ukidungwa ndani ya siku 7 tangu mwezi uanze, umekingwa hapo hapo. Siku zingine zozote, CD kwa wiki moja.

Kuhusu kemisti. Najua hakuna laini huko, na unaeza pita ukitoka job. Lakini angalia kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, na usidungwe na mtu wa kuuza Panadol tu. Kichupa kifunguliwe ukiona, sindano itoke kwa karatasi yake mpya, usome expiry mwenyewe. Dawa ni nyeupe kama maziwa na hutulia chini, so lazima itikiswe vizuri, la sivyo utapata maji na dawa ibaki kwa chupa. Ukishadungwa usikande hapo mahali, hata kama mathe wa jirani anasema masaji inasaidia. Inafanya dawa iishe mbio.

Damu sasa. Miezi ya kwanza inaeza kuja ovyo ovyo, matone leo, kesho kutwa tena. Baadaye wengi hawaoni mwezi kabisa. Hakuna kitu inakusanyika: ukuta wa tumbo la uzazi haujengeki, so hakuna cha kutoka. Ikimwagika kwa zaidi ya siku 8 ama mara mbili ya kawaida yako, hiyo ni hosi. Kuongeza kilo pia hutokea, tusidanganyane.

Kizazi hakiharibiki, lakini hurudi kwa mwendo wa pole. Wengi hushika mimba kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine mapema zaidi. So ukitaka mtoto, acha mapema. Usipotaka, usitegemee huo mwendo wa pole.

Kuna watu nurse atawaambia watafute njia ingine: presha ya 160/100 kupanda, saratani ya matiti, stroke, damu ambayo haijulikani inatoka wapi, ama unanyonyesha mtoto hajafika wiki 6. Waambie ukweli hata wasipouliza. Halafu, depo haizuii HIV. Utafiti wa ECHO wa 2019, uliohusisha pia wanawake wa Kisumu, haukupata kwamba inaongeza hatari sana kuliko coil ama ya mkono, lakini kinga bado ni CD.

Kuna wale wanaficha kadi ju ya mzee wa nyumba. Acha kadi kwa beste unayemwamini, na tarehe uiweke kwa simu, wiki moja kabla, ukiiandika "chama". Hakuna mtu hukagua chama. Na ukitaka kuacha kutembea kliniki kila mara, uliza nurse kuhusu ile ndogo ya kujidunga mwenyewe chini ya ngozi, pajani ama tumboni. Anakufunza mara moja, kisha unajifanyia ukiwa kwa nyumba.