Je, Mnunuzi Aijaribu Bunduki Kabla ya Kuinunua?



Katika baraza moja tulilolifanya na wafugaji, mzee mmoja alisimama akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia. "Afande," alisema, "sokoni ng'ombe tunamfungua kinywa tuhesabu meno, kisha tunamtembeza tuone kama anachechemea. Mimi nina shotigani yangu yenye cheti, na sasa macho yamechoka. Jirani anaitaka, lakini ameapa hatoi hata shilingi kabla hajaisikia ikilia. Je, kuna ubaya nikimwachia apige risasi moja tu?" Watu walicheka, nasi tukacheka nao. Hata hivyo, swali lilikuwa la haki, na jibu tulilolitoa siku ile lilikuwa fupi mno. Tunalijibu hapa kwa kirefu.

Tuanze na sheria. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inakataza mtu yeyote kununua, kupokea au kuwa na bunduki au risasi pasipo cheti halali. Mkuu wa kutoa vyeti hivyo ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Neno la kuangaliwa ni "kuwa na". Wengi hudhani kuwa silaha haiwi yako mpaka pesa zihesabiwe na mikono ipeanwe. Sivyo sheria inavyolitazama jambo hili. Bunduki inapotoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwa jirani asiye na cheti, yeye amekwisha kuwa na silaha kinyume cha sheria, na wewe ndiwe uliyempa. Kusimama kwako kando yake hakumpatii cheti. Wala hakumsaidii kuwa na cheti cha bastola yake nyumbani, kwa maana cheti hutolewa kwa mtu fulani na kwa silaha fulani.

Kwetu sisi wa mipakani jambo hili lina mzigo wa ziada, kwa kuwa jirani anaweza kuwa raia wa ng'ambo. Kenya wana sheria yao ya silaha na Bodi yao ya Leseni za Silaha. Tanzania wana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali cha upande mmoja hakivuki mpaka pamoja na mwenye nacho. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kuzuia silaha ndogo zisipite mikononi mwa watu kimyakimya, na bunduki inayovushwa jioni "ikajaribiwe tu" kwenye malisho ya upande wa pili ni silaha ya magendo, hata kama ingerudi kabla ya mapambazuko.

Sasa tuje kwa jambo ambalo mnunuzi mwenyewe hulisahau. Ng'ombe akikaguliwa meno hamwachii mnunuzi alama yoyote. Bunduki humwachia. Kila mtutu wenye mifereji ndani huchora mistari yake juu ya kichwa cha risasi, na pini inayogonga kitako cha risasi huacha kovu lake kwenye ganda. Shotigani haina mifereji hiyo, lakini ganda lake hubaki na kovu la pini. Wataalamu wa maabara huliweka ganda lililookotwa mahali pa uhalifu chini ya hadubini, wakalilinganisha na ganda jingine. Ndiyo sababu mwaka 2018 serikali iliagiza bunduki zichukuliwe alama na kumbukumbu zake zihifadhiwe.

Tuseme basi kijana mwaminifu anaonyeshwa bunduki na mtu aliyekutana naye mnadani. Anaifyatua mara mbili nyuma ya boma lake, haipendi, anairudisha. Maganda mawili yamebaki kwenye nyasi zake, na watu wamesikia mlio. Baada ya miezi kadhaa inagundulika kuwa bunduki hiyo ndiyo iliyomwua dereva wa lori barabarani. Kijana ataeleza nini? Muuzaji hana jina wala anwani. Historia ya silaha za eneo hili ni ndefu. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la kambi ya jeshi ya Moroto lilifunguliwa na bunduki zake zikaenea Karamoja. Nyingine zimeingia baadaye kutoka nchi jirani zenye vita. Bunduki iliyopita mikono kumi haisimulii ilichokifanya katika mkono wa nne.

Hatari ya mwili nayo si ndogo. Shotigani nyingi za wafugaji hutumia risasi za namba 12. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kidogo. Ukiitia katika bunduki ya namba 12 huteleza ndani na kukwama mbele, usiione. Mtu huvuta, hakuna mlio, hudhani hakutia risasi, akatia ya namba 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka karibu na mkono unaoushika. Risasi za namba 20 hutengenezwa za rangi ya manjano ili zisichanganywe, lakini jioni, katika mkoba wenye vumbi, rangi haionekani. Risasi iliyokaa miaka katika unyevu ina hila nyingine: huweza kuchelewa kuwaka. Mjaribu asiye na mafunzo, asiposikia mlio, hugeuza mdomo wa bunduki atazame ndani. Aliyefundishwa huendelea kuuelekeza mahali salama na kungoja nusu dakika kabla ya kugusa chochote. Kuhusu magobore ya kuchongwa kienyeji hatutapoteza wino. Hayo hayauziki wala hayajaribiki.

Hata silaha ikiwa nzima, risasi ya bunduki ya aina ya AK huweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Kichaka unachokielekea si ukuta. Na mlio mmoja wa jioni, katika vijiji vilivyozoea kuvamiwa na wezi wa mifugo, huwatoa vijana na mikuki na kuwaleta askari wa doria vidole vikiwa tayari. Mjaribu bunduki aweza kupigwa na watu waliokuja kumwokoa.

Mzee wetu afanyeje basi? Mnunuzi anayo haki ya kujua anachokinunua, nasi hatuipingi. Aitazame bunduki ikiwa tupu, mikononi mwa mwenyewe. Asome namba iliyochongwa juu yake, ailinganishe na iliyo katika cheti. Tarakimu moja ikitofautiana, au ikionekana imesuguliwa kwa tupa, aondoke. Kisha wote wawili waende kwa kamanda wa polisi wa wilaya kabla pesa hazijatembea. Mnunuzi aanze maombi yake kwa barua ya mwenyekiti wa LC1. Wakati huo wote bunduki ibaki kwa mwenye cheti.

Waandike pia mapatano, na hapa ndipo tunapowashauri kwa msisitizo. Waandike kwamba bei italipwa baada ya fundi wa silaha anayetambuliwa kuikagua, na kwamba malipo ya awali yatarudishwa endapo kasoro itaonekana au ombi la mnunuzi litakataliwa. Karatasi hiyo humkinga mnunuzi kuliko risasi moja porini, kwa kuwa bunduki mbovu nayo huweza kulia vizuri mara ya kwanza. Ikiwa ni lazima isikike ikilia, polisi waombwe idhini, na ifyatuliwe katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, chini ya msimamizi.

Silaha isiyo na cheti haina njia ya kuuzwa; huletwa kituoni ikasalimishwa. Asiyethubutu kuibeba njiani, na ni busara asiibebe, amwarifu mwenyekiti wa LC au afisa wa uhusiano wa kituo, nasi tutaifuata.

Na wachungaji wanaookota maganda au risasi nzima malishoni wasizigeuze vito vya shanga wala wasizitupe motoni. Waweke alama mahali pale, waache zilivyo, watuite.