Kiharusi kinapotoka moyoni: Mwambie daktari kabla ya sindano

KIHARUSI ni ugonjwa ambao wengi wetu huuhusisha na wazee au watu wenye shinikizo la damu. Ndiyo maana kijana wa miaka 20 anapoamka asubuhi mdomo umepinda na mkono wa kulia haunyanyuki, majirani katika ploti huanza kuulizana ni nani aliyemroga. Huku wakiulizana, saa zinapita na ubongo unaendelea kufa.

Ipo aina ya kiharusi ambayo chanzo chake si shinikizo la damu, bali ni viini vilivyofanya makao kwenye vali za moyo. Mgonjwa wa aina hii ana hatari ya pekee: dawa inayowaokoa wagonjwa wengine wa kiharusi yaweza kumuua yeye. Ikiwa nyumbani kwako, uwe Kayole, Dandora, Jericho au Umoja, kuna mtu aliyewahi kuambiwa kwamba moyo wake una kasoro, soma makala haya hadi mwisho.

Vali huambukizwa vipi?

Moyo una vali 4. Kazi yake ni kufunguka ili damu ipite, kisha kufunga ili damu hiyo isirudi nyuma. Vali nzima ni laini, na viini vinavyopita katika damu kwa kawaida havipati mahali pa kushika. Lakini vali yenye makovu, vali ya kuzaliwa na kasoro au vali bandia huwapa bakteria nafasi ya kutua. Bakteria wakishatua, damu huganda juu yao na kufanya kivimbe kidogo. Madaktari huuita ugonjwa huu endokaditisi.

Bila shaka umewahi kuona bomba la maji la zamani ambalo ndani yake kutu imejijenga. Siku moja kipande cha kutu hubanduka, kikasukumwa na maji hadi mahali pembamba na kuziba. Ndivyo inavyotokea hapa. Moyo hupiga mara zaidi ya 60 kwa dakika, na kila pigo huitikisa vali. Kipande cha kile kivimbe kikibanduka na kufika katika mshipa wa ubongo, sehemu ya ubongo hukosa damu. Hicho ndicho kiharusi.

Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wa endokaditisi, 15 hadi 30 hupata madhara ya ubongo. Kwa baadhi yao, kiharusi ndiyo dalili ya kwanza kuwafikisha hospitalini.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Katika nchi tajiri, wengi wanaoambukizwa vali siku hizi ni wazee au watu wenye vali bandia. Kwetu Afrika Mashariki, wengi ni vijana, na chanzo mara nyingi ni koo la utotoni ambalo halikutibiwa.

Bakteria aitwaye streptokoki huwashambulia hasa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Hupitishwa kwa kikohozi na chafya, na huenea upesi pale ambapo watu wengi hulala katika chumba kimoja, kama ilivyo katika ploti nyingi za Mathare, Huruma na Dandora. Koo likiachwa bila dawa, baadhi ya watoto huugua homa ya rumatiki wiki 2 au 3 baadaye. Magoti na viwiko huvimba, kisha uvimbe huisha na mzazi hushukuru. Asichokiona ni makovu yanayobaki katika vali. Hali hii ni nzito kiasi kwamba mwezi Mei 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yapambane nayo.

Viini vinavyoishambulia vali yenye makovu baadaye huweza kutoka katika meno yaliyooza na ufizi wenye usaha, vidonda vya ngozi, au sindano zinazotumiwa kujidunga mihadarati.

Homa isiyosikia dawa

Kabla ya kiharusi, mara nyingi huwa kuna onyo. Mgonjwa huwa na homa inayokwenda na kurudi kwa wiki kadhaa. Hutoka jasho usiku, hukonda, huchoka na hukosa pumzi anapopanda ngazi. Pengine madoa madogo huonekana kwenye vidole, au mistari myeusi chini ya kucha.

Wengi wetu hukimbilia duka la dawa na kununua dawa za malaria. Homa isipopungua, tunasema ni homa ya matumbo na kununua vidonge vingine vya kuua bakteria, tena nusu dozi kwa sababu pesa ni haba. Vidonge hivyo haviwezi kuisafisha vali, lakini vyaweza kuwaficha bakteria. Daktari akitoa damu ili ioteshwe katika maabara, haoti kitu, na inakuwa vigumu kujua ni dawa gani itakayofaa. Kwa hivyo, mwenye ugonjwa wa moyo akiwa na homa ya zaidi ya siku chache, apelekwe hospitali akapimwe damu kabla ya kumeza chochote.

Dawa ya wengi, sumu kwa huyu

Mwezi Desemba 1995, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyobadilisha matibabu ya kiharusi. Walionyesha kwamba dawa iitwayo alteplasi, inayoyeyusha donge la damu, ikidungwa mapema humsaidia mgonjwa kurudia hali yake. Siku hizi hutolewa kabla ya kupita muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja kichwani.

Sasa, mbona mgonjwa wa endokaditisi asipewe? Kwanza, kilichoziba mshipa wake si donge la damu tupu. Ni mchanganyiko wa damu iliyoganda na bakteria. Pili, bakteria hao huula ukuta wa mshipa walipokwama, nao ukawa dhaifu. Dawa ya kuyeyusha ikiingia, mshipa huo waweza kupasuka na damu ikamwagika ubongoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wagonjwa waliopewa dawa za aina hii. Miongoni mwa wenye endokaditisi, 20 kati ya kila 100 walivuja damu ubongoni. Kwa wasio na ugonjwa huo, walikuwa 6 au 7 tu. Ndiyo sababu mwongozo wa madaktari wa Marekani unasema alteplasi isitolewe pale dalili zinapoonyesha kwamba vali zimeambukizwa.

Taabu ni kwamba daktari wa zamu ana dakika chache za kuamua. Picha ya CT haimwonyeshi vali. Asipoambiwa na jamaa kwamba mgonjwa ana kasoro ya moyo na amekuwa na homa kwa mwezi mzima, atajuaje?

Atibiwe vipi basi?

Dawa kuu ni ile inayowaua bakteria wenyewe. Daktari hutoa damu mara kadhaa kwa uchunguzi, kisha huanza kumdunga mgonjwa penisilini au dawa nyingine kupitia mshipa. Matibabu huchukua wiki 4 hadi 6. Usimwombee mgonjwa ruhusa ya kutoka kwa kuwa homa imepoa siku ya tano. Bakteria waliojificha ndani ya kivimbe bado wako hai. Jambo la kutia moyo ni kwamba hatari ya kipande kingine kubanduka hupungua sana baada ya wiki 2 za kwanza za dawa.

Vali huchunguzwa kwa picha ya eko, inayotumia mawimbi ya sauti. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiwa umeziba, wataalamu wanaweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi kichwani na kulitoa donge. Njia hii haihitaji dawa ya kuyeyusha, lakini hufanywa katika hospitali chache na ni ghali. Vali iliyoharibika sana huhitaji upasuaji. Ikiwa damu ilivuja ubongoni, madaktari hupendelea kungoja angalau wiki 4 hali ikiruhusu.

Mwenye vali bandia anayetumia warfarini asiiache wala asiongeze vidonge kwa hiari yake. Uamuzi huo ni wa daktari.

Fanya hivi

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, tazama saa na uandike wakati dalili zilipoanza. Mlaze mgonjwa kwa ubavu. Usimpe chakula, maji wala aspirini, kwa maana hujui kama kiharusi ni cha kuziba au cha kuvuja damu. Usimkande kwa mafuta na usingoje kukuche. Tafuta gari upesi, ukikumbuka msongamano wa Barabara ya Jogoo, na uulize mapema kama hospitali mnayoiendea ina mashine ya CT, isije ikawa mnahamishwa kutoka Mama Lucy Kibaki hadi Kenyatta wakati muda umekwisha. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura.

Mkifika, mwambie daktari mambo haya hata kabla hajauliza: mgonjwa ana tatizo la moyo, amekuwa na homa kwa muda gani, dawa alizotumia, jino alilong'oa karibuni. Bebeni kadi ya kliniki na vidonge vyake.

Na kwa mzazi: mtoto anayelia koo huku ana homa apelekwe zahanati akatibiwe kwa penisilini. Aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki adungwe sindano yake ya penisilini kila wiki 3 au 4 bila kuruka, kwa miaka ambayo daktari ataagiza. Apige mswaki kila siku, na kabla ya kung'oa jino amweleze daktari wa meno kuhusu moyo wake. Sindano hiyo inauma, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa vali ya moyo hujengwa kwa upasuaji ambao wachache miongoni mwetu wanaweza kuulipia.