Uyoga Unaolisha Miyombo ya Katavi

Kaskazini mwa Kenya, katikati ya nchi kame, Mlima Marsabit umefunikwa na msitu. Volkano ndiyo iliyoujenga: kimo chake hunasa ukungu, na miamba yake ikimeng'enyeka hutoa udongo wenye rutuba. Huku Litapunga, mkoani Katavi, hatuna mlima wa aina hiyo. Miamba mingi ya ukanda wa Mpanda ina umri wa takriban miaka bilioni 2, na mvua za enzi na enzi zimechuja virutubisho vya udongo wake. Fosforasi iliyobaki ni haba. Hata hivyo miyombo na mitundu imestawi, kuanzia mapori ya vijiji hadi Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974.

Inawezekanaje? Jibu limo mizizini. Ncha za mizizi ya miti hii huvikwa kuvu yenye nyuzi nyembamba zinazopenya mahali ambapo mzizi hauwezi kufika. Kuvu huupa mti fosforasi na maji. Mti huilipa sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga mwingi tunaookota porini msimu wa mvua hutokana na kuvu hiyo.

Wataalamu waliyajua haya kwa kufukua mizizi na kuitazama kwa hadubini. Waliotesha pia miche yenye kuvu na isiyo nayo, wakalinganisha ukuaji wake. Siku hizi vinasaba huonyesha uyoga upi ni wa kuvu iliyo kwenye mzizi upi.

Kwa mama anayeokota uyoga, maana yake ni kwamba pori likiisha kwa mkaa au kuni za kukaushia tumbaku, uyoga huo nao huisha. Kwa mwanafunzi anayeotesha miyombo shuleni, konzi ya udongo wa porini kwenye kiriba huipa miche kuvu inayoihitaji.

Tusitie chumvi. Kuvu hii haiishi na mahindi, wala haichukui nafasi ya mbolea shambani. Uyoga wa vichuguuni hutegemea mchwa, hautegemei mizizi. Na baadhi ya uyoga unaoota chini ya miti hii huua, usiojulikana usiliwe.

Mkulima, unapofyeka, using'oe visiki. Miyombo huchipua upya kutoka kwenye visiki, na mizizi iliyo hai huendelea kuilisha kuvu. Acha pia miti mikubwa michache isimame shambani.