Kipindi cha 17: Siku Ngumu Katika Mashindano ya Baiskeli za Milimani

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unapungua.)

Leo tunazungumza juu ya vijana wetu wanaoshindana kwa baiskeli milimani, siku baada ya siku. Huenda ukajiuliza hayo yanakuhusu nini. Yanakuhusu sana, kwa sababu anayempikia kijana, anayemfulia na anayemtazama usoni jioni ndiye huona kwanza kwamba mambo yameharibika.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alifunzwa baiskeli za milimani na David Kinjah kule Kikuyu. Baadaye alishinda Tour de France mara 4, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Kule Afrika Kusini kuna mashindano yaitwayo Cape Epic, yaliyoanza mwaka wa 2004. Huchukua siku 8, na waendeshaji huenda wawiliwawili. Wenzi wakiachana kwa zaidi ya dakika 2 huadhibiwa. Kanuni hiyo ina hekima ndani yake: mtu aliyechoka sana hajioni mwenyewe, anahitaji jicho la mwenzake.

KWA NINI SIKU ZA KATIKATI HUWA NGUMU

Siku ya kwanza kijana hutoka na nguvu za nyumbani. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli. Kazi nzito ya saa moja na nusu hadi saa mbili hutosha kumaliza sehemu kubwa ya akiba hiyo, na siku moja ya mashindano yaweza kuwa ya saa 5 au zaidi. Asipokula vya kutosha jioni, kesho yake anaanza akiwa na upungufu. Ikifika siku ya tatu au ya nne, amelala vibaya, misuli inauma, makalio yamechubuka na tumbo linakataa chakula. Hapo miguu huwa mizito kama magogo, kichwa huzunguka, na hata mtu mzima huweza kulia kando ya njia. Huo si uvivu, wala hajarogwa. Ni njaa, kiu na ukosefu wa usingizi.

KABLA YA KUTOKA

Mpe chakula cha asubuhi saa 2 au 3 kabla ya kuanza: uji wenye sukari, nduma au viazi vitamu, ndizi, mkate na yai. Maharagwe na vyakula vya mafuta mengi viwekee jioni, maana hukaa tumboni. Usimpe chakula ambacho hajakizoea.

Suruali ya kuendeshea iwe imefuliwa na kukauka vizuri. Apake mafuta mazito ya kujipaka mahali panaposuguana na kiti. Mchubuko mdogo ukipuuzwa hutunga usaha, na mwenye jipu hawezi kukaa juu ya baiskeli.

AKIWA NJIANI

Ale kabla njaa haijamshika. Anahitaji kama gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya kadiri ina kama gramu 25, kwa hiyo ndizi 2 kwa saa, au ndizi moja na mkate wenye jemu, zinatosha.

Anywe kidogokidogo akifuata kiu yake, na jua likiwa kali atahitaji zaidi. Lakini mama, usimlazimishe kunywa maji matupu lita baada ya lita. Maji yakizidi, chumvi ya damu hupungua na ubongo waweza kuvimba, na mtu anaweza kufa. Ukiona vidole vimevimba, anatapika, kichwa kinamuuma na amechanganyikiwa ingawa amekunywa maji mengi, usimwongezee maji. Mpeleke hospitalini haraka.

Yale maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha yanamfaa pia: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Hata hivyo hayachukui nafasi ya chakula.

Nguvu zikimwishia mlimani, apunguze mwendo, ale kitu kitamu, kisha asubiri kama dakika 15 au 20 kabla ya kukata tamaa. Kushuka na kusukuma baiskeli si aibu. Asihesabu kilomita zote zilizobaki, ahesabu mpaka kituo kinachofuata tu.

AKIRUDI

Katika saa ya kwanza mpe maziwa au mala pamoja na ndizi. Kisha apate mlo kamili: ugali au wali, ndengu au maharagwe, mayai au nyama, na sukuma wiki. Aoge, asafishe michubuko kwa maji na sabuni, alale mapema. Mkojo wa manjano hafifu ni dalili nzuri.

Usimpe ovyo dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki. Mwili uliokauka maji ukipewa dawa hizo, figo zaweza kuumia.

Kwa wasichana, hedhi ikikosekana kwa miezi 3, mara nyingi chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya. Mpeleke kwa daktari, na msipuuze uwezekano wa mimba.

WAKATI WA KUSEMA BASI

Kijana asiendelee akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

1. Homa. Apimwe malaria. Kushindana ukiwa na homa kwaweza kuudhuru moyo.
2. Kuongea ovyo au kuyumba huku mwili ukiwaka moto. Mtie kivulini, mvue nguo, mmwagie maji baridi na kumpepea papo hapo, huku msaada ukiitwa. Msingoje gari ndipo mumpoze.
3. Kugonga kichwa, kisha kutapika, kusinzia au kusahau mambo.
4. Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hiyo ni dalili kwamba misuli inavunjika na figo ziko hatarini.
5. Maumivu ya kifua au kuzimia.

Kila moja ni safari ya hospitali, hata kama amebakisha siku moja tu. Mwambie hayo tangu nyumbani, moyo wake ukiwa umetulia. Mwambie kwamba akiacha hutamlaumu, na kwamba pesa za kiingilio si kitu mbele ya uhai wake. Vijana wengi huendelea wakiwa wagonjwa kwa kuogopa kuwavunja moyo waliowatuma.



(Muziki wa kufungia kipindi.)

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Ni vyakula gani vya kwetu vinavyoweza kubebwa mfukoni na mwendeshaji?
2. Kwa nini maji matupu mengi mno yanaweza kuwa hatari?
3. Utamwambia nini kijana mwenye homa anayetaka kuendelea na mashindano?