Kipande cha waya kiokoacho chombo

Ukienda Lamu au Mombasa likizoni na jamaa yako, huenda mkaabiri mashua. Nanga ikishatupwa na watoto kuanza kuogelea, wewe hutulia ukidhani hatari imepita. Je, umewahi kujiuliza ni nini kinachoishikilia nanga hiyo?

Nanga huunganishwa na mnyororo kwa pingu ya chuma yenye umbo la herufi U, ambayo hufungwa kwa pini ya kuzungushwa kama skrubu. Maji yakijaa na kupwa, chombo hugeuka, mnyororo hutikisika, nayo pini hulegea kidogo kidogo. Ikichomoka, nanga hubaki chini na chombo huchukuliwa na mkondo hadi mwambani.

Dawa yake ni rahisi. Pini hukazwa kwa koleo, kisha waya hupitishwa katika tundu la kichwa chake na kuzungushwa mara kadhaa kwenye ubavu wa pingu. Waya huo sharti ukaguliwe mara kwa mara, kwani huliwa na kutu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kabla hamjang'oa nanga, mwulize nahodha: waya upo?