Gari Dogo la Umeme: Hesabu ya Matumizi Yake na Yanayompasa Mwenye Kulitumia

Kwa miaka mingi mtumishi wa Serikali au mwananchi wa Unguja aliyetaka kununua gari aliuliza kwanza linakula lita ngapi. Kwa gari la umeme swali linabaki lile lile, ila jibu lake hutolewa kwa uniti, zile zile zinazonunuliwa kwa ajili ya taa, jokofu na pasi. Maelezo haya yanahusu aina moja tu ya magari hayo, nayo ni yale madogo na mepesi mno yenye viti viwili, ambayo huko Ulaya yamekuwa barabarani kwa zaidi ya miaka kumi na ambayo husifiwa kwa matumizi yake madogo. Sifa hizo kwa sehemu kubwa ni za kweli. Zina masharti yake, hata hivyo, na mnunuzi hana budi kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Mfano unaojulikana zaidi ni Renault Twizy, lililoanza kuuzwa mwaka 2012 na ambalo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2023. Urefu wake ni mita 2.34, upana wake haufiki mita 1.3, na uzito wake pamoja na betri ni kilo 474. Dereva hukaa katikati na abiria hukaa nyuma yake, kama watu wawili wapandao vespa. Jengine ni Citroën Ami, la mwaka 2020, lenye uzito wa kilo 485 hivi na mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa. Sheria za Ulaya haziyahesabu haya kuwa motokaa kamili. Zinayaweka katika daraja la vyombo vyepesi vya magurudumu manne, ambavyo uzito wake bila ya betri umewekewa kikomo: kilo 425 kwa vile vya mwendo wa kilomita 45, na kilo 450 kwa vile vyenye nguvu zaidi vya kuchukulia abiria. Wepesi wa magari haya, kwa hiyo, umetokana na ufundi na umetokana pia na sheria.

Ili kuelewa kwa nini uzito ni jambo kubwa, inafaa kutazama nguvu ya chombo inakwenda wapi. Sehemu ya kwanza huliwa na mataili, ambayo hujikunja na kujikunjua yanapogusa barabara, na hasara hiyo huongezeka sawasawa na uzito. Sehemu ya pili huliwa kila gari linapoondoka baada ya kusimama. Gari la kawaida la kilo 1,300 na dereva wake linahitaji nguvu kama mara mbili na nusu ya ile inayohitajiwa na Twizy na dereva wake ili kufikia mwendo ule ule. Anayetoka Mwanakwerekwe hadi Darajani asubuhi, akasimama na kuondoka mara arubaini, hulipia tofauti hiyo mara arubaini. Sehemu ya tatu huliwa na upepo. Hapa wepesi hausaidii kitu. Linalotawala ni umbo na mwendo. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwenda 80 kwa saa, ukinzani wa upepo huwa mara nne. Twizy kwa umbo lake si gari lenye kukata upepo vizuri, na ndiyo sababu linapokwenda kasi betri yake hushuka upesi kuliko wengi wanavyotarajia.

Mota ya umeme nayo ina faida yake. Lita moja ya petroli ina nguvu inayolingana na takribani uniti tisa, lakini katika mwendo wa mjini injini hufikisha kwenye magurudumu robo yake au pungufu, na zilizobaki hutoka kama joto katika rejeta na ekzosi. Mota hufikisha zaidi ya asilimia 80 ya umeme uliotoka kwenye betri. Isitoshe, dereva anapoondoa mguu, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu katika betri. Gari linaposimama kwenye msongamano, mota haili chochote.

Sasa hesabu yenyewe. Betri ya Twizy hubeba uniti 6.1, na uniti moja ndiyo kilowati-saa moja. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, mita ya nyumbani huhesabu uniti saba hivi hadi betri ijae. Vipimo vya maabara vilitoa kilomita 100 kwa chaji moja. Barabarani, kwa mwendo wa kawaida, kilomita 60 hadi 80 ndizo za kutegemewa. Tukichukua kilomita 70, matumizi ni uniti 10 kwa kila kilomita 100. Gari dogo la petroli linalotumia lita sita kwa masafa hayo linatumia nguvu inayolingana na uniti 54, yaani zaidi ya mara tano. Mwenye kutaka kujua tofauti kwa shilingi azidishe 10 kwa bei ya uniti iliyomo katika risiti yake ya TUKUZA, kisha azidishe 6 kwa bei ya lita ya petroli iliyotangazwa na ZURA mwezi huo. Mwenye vespa au pikipiki naye aweke 2 au 2.5 mahali pa 6, na ataona kuwa pengo linapungua sana.

Haki inataka yasemwe mambo mawili ambayo wauzaji huyapita. Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara, ambako sehemu yake huzalishwa kwa maji na sehemu kwa gesi asilia. Uniti inayotokana na gesi imekwisha kupoteza nusu au zaidi ya nguvu ya gesi hiyo kabla ya kufika kwenye soketi, hivyo faida ya mara tano huteremka na kuwa kama mara mbili. Kadiri maji yanavyochukua nafasi ya gesi, hasa baada ya turbini za Bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi mwaka 2024, ndivyo faida inavyoongezeka. Jambo la pili ni daladala. Ikiwa gari ya abiria inatumia lita 15 za dizeli kwa kilomita 100 na imebeba watu ishirini, fungu la kila abiria halifiki lita moja. Mtu mmoja aliye peke yake ndani ya gari lake dogo la umeme hana cha kumringia abiria huyo.

Ama kuhusu masafa, Unguja ni kisiwa kinachoyafaa magari haya kuliko nchi nyingi. Hakina milima, na urefu wake wote ni kama kilomita 85. Mkaazi wa Fuoni anayefanya kazi Mjini huenda na kurudi kilomita 20 hivi, na chaji moja humtosha siku tatu. Wa Chwaka huenda na kurudi zaidi kidogo ya kilomita 60, naye atalazimika kuchaji kila usiku na kwenda taratibu, na siku atakayopitia Bububu kumtazama mgonjwa atakuwa na wasiwasi njia nzima. Wa Makunduchi au Nungwi hawezi kurudi nyumbani bila ya kuchaji kazini. Hili litazamwe bila ya tamaa: betri hupungua uwezo kwa miaka, na anayenunua gari ambalo leo linamfikisha kwa kubahatisha, baada ya miaka mitano litamlaza njiani.

Kuchaji si jambo la kufanywa ovyo. Twizy huvuta umeme wa ampea 10 kwa saa tatu na nusu, sawa na birika la umeme lililoachwa likichemka muda wote huo. Soketi nyingi za nyumbani hazikuzoea mzigo wa namna hiyo. Waya mwembamba wa kuunganishia uliovutwa dirishani, hasa ukiwa bado umekunjwa katika duara, hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Plagi za magari yaliyotoka Ulaya zina miguu miwili ya duara, na za hapa zina mitatu ya bapa. Adapta ya bei rahisi kati ya hizo mbili ndiyo mahali pa kwanza pa kuungua. Katika nyumba za zamani, pamoja na nyingi za Mji Mkongwe, inashauriwa fundi umeme aliyesajiliwa atie laini ya peke yake kutoka kwenye mita, yenye kikata umeme chake na waya wa ardhini.

Betri ya lithiamu huchakaa zaidi inapokaa katika joto kali na inapokaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa. Yote mawili ni rahisi kutokea hapa kwetu. Gari liegeshwe chini ya mwembe au banda, na si juani. Likirudi saa nane mchana liachwe lipoe kabla ya kuchomekwa, na bora zaidi lichajiwe usiku ili lijae karibu na wakati wa kuondoka. Mwenye kukaa nyumbani wiki nzima aliache likiwa na nusu ya chaji.

Kuna mengine ya kuvumilia. Twizy halina vioo vya milango wala kiyoyozi, na milango yenyewe ilikuwa ya kulipia zaidi. Mwenye kupita nalo wakati wa masika ataroa. Sehemu ya mzigo ina nafasi ya lita 31, ujazo usiopishana sana na mfuko mmoja wa mchele wa kilo 25. Hewa ya chumvi hula viungio vya nyaya, na kwa wakaazi wa pwani vinahitaji kukaguliwa na kufutwa mara kwa mara. Citroën Ami, ambalo usukani wake uko kushoto, lina usumbufu wake katika nchi inayoendesha kushoto. Twizy halina tatizo hilo kwa kuwa dereva yuko katikati.

Linalostahili kufikiriwa kuliko yote ni usalama. Mwaka 2014 taasisi ya Euro NCAP, inayopima usalama wa magari Ulaya, ilijaribu magari manne ya daraja hili. Hakuna lililopata zaidi ya nyota mbili kati ya tano. Kila chombo chepesi kinapogongana na kizito, kile chepesi ndicho kinachorudishwa nyuma kwa nguvu, na waliomo ndani ndio wanaoumia. Kwa mwendo wa mjini hatari hiyo ni ya kiasi. Katika barabara ya kwenda Paje, ambako malori ya mchanga na gari za watalii hukimbizana, ni jambo jengine kabisa, na mwenye gari lisilopita kilomita 45 kwa saa atapitwa mara kwa mara na kwa karibu. Tena magari haya hayana mlio. Watoto watokao skuli na wapanda baskeli wamezoea kusikiliza kabla ya kutazama, kwa hiyo jukumu la kuwaona ni la dereva.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa kuwa umeme wao hupita chini ya bahari. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi, na kuanzia Disemba 2009 kilikaa karibu miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali si ile tena, lakini anayetegemea gari la umeme kwa kazi zisizongoja, kama mkunga au fundi wa maji, hana budi kuwa na njia ya pili. Kuchaji kwa jenereta kunawezekana, ila hufuta faida yote iliyoelezwa hapo juu, kwani jenereta ndogo huunguza mafuta kwa upotevu mkubwa kuliko injini ya gari. Paneli za jua zenye jumla ya kilowati mbili zinaweza kutoa uniti saba kwa siku yenye jua zuri, kwa sharti gari liwepo nyumbani mchana.

Mwisho ni habari ya magari yaliyotumika. Yanayoingia hapa kwa wingi hutoka Japani, na miongoni mwa yale madogo ya umeme kutoka huko ni Mitsubishi i-MiEV la mwaka 2009, lenye viti vinne, uzito wa kilo 1,100 hivi na betri ya uniti 16 lilipokuwa jipya. Mnunuzi asitosheke na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Alichaji gari hadi lijae, aliendeshe masafa anayoyajua hadi libakiwe na robo, kisha alichaji tena na kusoma katika mita uniti ngapi zimeingia. Uniti hizo ndizo zinazoonesha uwezo uliobaki. Kwa Twizy kuna la ziada, kwani huko Ulaya mengi yaliuzwa bila ya betri, na mwenyewe aliikodi kwa malipo ya kila mwezi. Gari la namna hiyo likiletwa bila ya karatasi za kumaliza mkataba, betri yake bado ni mali ya mtu mwengine. Betri iliyochoka isifunguliwe na fundi wa mtaani, kwani ile ya i-MiEV ina zaidi ya volti 300, na isichomwe wala kutupwa jaani. Ile ambayo haijavimba wala kuvuja huweza kuhifadhi umeme wa jua nyumbani kwa miaka kadhaa zaidi, ikiunganishwa na mtaalamu wa kazi hiyo.